Kipimo cha Masikio cha Bure Kinalipiwa na Nani?

Ukitafuta kipimo cha bure cha masikio kwa ajili ya mama au baba anayeishi nawe Uingereza au Marekani, hutakosa. Maduka ya miwani yanatangaza, maduka ya dawa yanatangaza, hata simu yako itakutangazia. Ila kabla hujamvalisha mzee koti mkatoka, ni vizuri kujua hiyo bure imeanzia wapi. Anayelipia kipimo ndiye anayeamua mzee atatoka mlangoni na nini: kifaa cha usikivu, bili ya maelfu au kipeperushi tu.

Nianze na Uingereza, kwa sababu ndiko ninakoishi na ndiko mambo yalikoanza mapema. NHS, huduma ya afya ya taifa, ilipozaliwa tarehe 5 Julai 1948, miongoni mwa vitu ilivyotoa bila malipo ni kifaa cha usikivu kilichoitwa Medresco. Jina lilitokana na Medical Research Council, baraza la utafiti wa tiba lililounda kamati ya wataalamu mwaka 1944, wakati vita havijaisha, ili kitengenezwe kifaa kimoja cha bei nafuu cha kuwafaa wengi. Kabla ya hapo, asiyesikia vizuri alikuwa mateka wa wachuuzi, na bei zao hazikuwa za mfanyakazi wa kiwandani. Medresco chenyewe hakikuwa kizuri kutazama. Kilivaliwa kifuani, waya ukapanda hadi sikioni, na betri zikakaa kwenye mfuko wake. Lakini watu walikipigia foleni ndefu. Ikawa kawaida tangu wakati huo kwamba Mwingereza akizeeka masikio, serikali inampima na kumpa kifaa kwa fedha za kodi.

Kwa miaka mingi kifaa hicho cha bure kilidharauliwa, na kwa haki. Teknolojia ya dijitali ilipofika, waliofaidi kwanza ni wenye pesa. Mwaka 2000 ndipo England ilipoanza mpango wa kubadilisha huduma nzima, ikishirikiana na RNID, shirika la hisani la viziwi na wenye upungufu wa usikivu, na kufikia 2005 vifaa vya dijitali vilikuwa vimeenea katika kliniki za NHS. Kwa hiyo ukimsikia jirani anasema “vya NHS ni vya kizamani, nenda ukanunue,” anazungumzia Uingereza ya miaka ishirini na kitu iliyopita. Vya sasa hutengenezwa na kampuni zilezile zinazouza madukani. Hupewi moja kwa moja. Unaazimwa, na betri na matengenezo ni bure. Ukikipoteza, unaweza kutakiwa uchangie.

Njia ya kawaida ni kumwona GP, yaani daktari wa mtaa. Sehemu nyingi mzee anaweza kujiandikisha mwenyewe bila barua ya daktari, kwa hiyo uliza kwanza hapo mapokezi. Mkanganyiko huanzia hapa: tangu 2012, maeneo mengi ya England yameruhusu maduka ya mtaani kuingia mkataba na NHS kuwapima watu wa makamo na wazee wenye upungufu unaotokana na umri. Duka hilohilo linauza pia vifaa vyake binafsi. Mlango mmoja, kaunta moja, kijana mmoja mwenye tabasamu, lakini bure mbili tofauti. Bure ya kwanza inalipwa na kodi, na mzee akionekana anahitaji kifaa atapewa. Bure ya pili inalipwa na matumaini ya muuzaji kwamba mzee akishaonekana hasikii, atanunua. Hakuna udanganyifu hapo, ni biashara. Gharama ya kipimo imeshatiwa ndani ya bei ya kifaa, na jozi moja inaweza kufika maelfu ya pauni. Uliza kabla ya kuketi: hiki ni kipimo cha NHS au cha duka? Ukijibiwa kwamba NHS inachelewa sana, rudi kwa GP ukaulizie muda halisi wa kusubiri katika eneo lenu. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine ni wiki chache tu.

Nisiisifu NHS kupita kiasi. Mwaka 2015 North Staffordshire ilikuwa ya kwanza England kuacha kuwapa vifaa watu wazima wenye upungufu mdogo wa usikivu, na mjadala ulikuwa mkali. Halafu kuna nta. Sikio lililojaa nta halipimiki vizuri, na mtaalamu akichungulia akaiona nyingi atamrudisha mzee nyumbani. Zamani nesi wa GP aliitoa. Siku hizi vituo vingi vimeacha, ingawa mwongozo wa kitaifa wa 2018 unasema huduma hiyo itolewe karibu na jamii. Familia nyingi hujikuta zinalipa makumi ya pauni dukani kusafishiwa sikio ili zikapate kipimo cha bure. Ulizia kwa GP, na siku chache kabla ya miadi tumia matone ya mafuta ya zeituni yanayouzwa duka la dawa, isipokuwa kama ngoma ya sikio imetoboka au sikio linauma au linatoa usaha. Vijiti vya pamba weka mbali. Vinaisukuma nta ndani zaidi.

Na kama usikivu umepotea ghafla, ndani ya siku tatu au pungufu, hasa sikio moja, usisubiri miadi wala tangazo la duka. Hiyo ni dharura ya kwenda kwa daktari siku hiyohiyo, maana kuna dawa inayofaa zaidi ikianzishwa mapema.

Sasa mama aliyekuja kututembelea. Hapa watu wengi hujikwaa. England, kumwona GP ni bure kwa yeyote, hata mgeni. Huduma za hospitali sivyo: aliyeingia kwa viza ya matembezi anaweza kutozwa asilimia 150 ya gharama, na tangu Oktoba 2017 huduma isiyo ya dharura hutakiwa kulipiwa kabla. Kwa mgeni, basi, kipimo cha duka ndicho kinachofaa, kwa sababu duka halimuulizi mtu viza. Mpeleke, apimwe, mshukuru, na muombe nakala ya matokeo. Hamlazimiki kununua kitu.

Nakala hiyo ni audiogramu, mchoro unaoonyesha mzee anaanza kusikia sauti ya ukali gani katika kila kimo, kuanzia sauti nzito hadi nyembamba. Uzee huanza kula sauti nyembamba, na humo ndimo zilimo s, f na sh. Ndiyo maana bibi anakwambia, “Nakusikia unaongea, ila sielewi unachosema,” na ndiyo maana kumpigia kelele hakusaidii sana: unaongeza irabu, ambazo hata hivyo alikuwa anazisikia. Ukishauona mstari wake unateremka upande wa kulia, utaacha kumlaumu kwamba anachagua cha kusikia.

Jambo la kupendeza ni kwamba kipimo hiki cha msingi hakidai lugha. Mzee anavaa vipokea sauti vya masikioni, akisikia mlio anabonyeza kitufe. Hata asiyejua neno la Kiingereza anakimudu akielezwa mara moja. Vipimo vya simu na vya intaneti ndivyo vya kuangalia. Vingi, kikiwemo cha RNID, humtajia mtu tarakimu katikati ya kelele, na aliyezoea kuhesabu kwa Kiswahili anaweza kufeli kwa sababu ya Kiingereza, masikio yake yakiwa hayana neno. Kwenye kliniki ya NHS omba mkalimani mapema, ni bure. Najua tutasema, “Si nipo mimi?” Lakini nimeshaona binti anaulizwa kama mama anasikia runinga vizuri, naye anajibu bila hata kumgeukia mama. Mzee aliyejibiwa kila swali haoni kwa nini avae kifaa ambacho hakukiomba.

Upande wa pili wa Atlantiki hadithi ni nyingine kabisa. Rais Lyndon Johnson wa Marekani alitia saini sheria ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, tarehe 30 Julai 1965, na sheria hiyohiyo ikaviacha nje vifaa vya usikivu pamoja na vipimo vya kumwandalia mtu kifaa. Vimebaki nje mpaka leo. Mwaka 2021 kulikuwa na jaribio la kuviingiza; halikufanikiwa. Medicare hulipia kipimo cha kutafuta ugonjwa, na tangu 2023 mzee anaweza kwenda kwa mtaalamu wa usikivu mara moja kila miezi 12 bila agizo la daktari, kwa tatizo lisilo la ghafla. Bado anachangia sehemu yake, na kifaa ni juu yake.

Kwa familia zetu kuna kikwazo cha kabla ya hapo. Mzazi aliyeletwa kwa green card kwa kawaida husubiri miaka mitano ya ukaazi mfululizo kabla ya kuweza hata kujinunulia Medicare, na Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, nayo ina ngoja ngoja yake inayotofautiana kati ya jimbo na jimbo. Katika miaka hiyo, bure ya duka ndiyo kimbilio. Maduka ya Costco huwapima wanachama wake bila malipo. Vyuo vikuu vinavyofundisha audiolojia huendesha kliniki ambako wanafunzi hupima chini ya usimamizi wa walimu wao, mara nyingi kwa bei ya chini, na kwa maoni yangu ndiko mzee husikilizwa kwa subira zaidi, kwani mwanafunzi hana haraka ya kuuza. Vituo vya afya vya jamii hutoza kwa kipato. Kama hawapimi masikio wenyewe, wanajua pa kukuelekeza.

Tangu 17 Oktoba 2022, Marekani inaruhusu mtu mzima mwenye upungufu mdogo au wa kati kununua kifaa dukani bila kupimwa. Bei imeshuka, na mwaka 2024 mamlaka ya chakula na dawa, FDA, iliidhinisha hata AirPods Pro 2 zitumike kama kifaa cha usikivu, zikiwa na kipimo chake ndani ya simu. Kwa kijana wa miaka hamsini, sawa. Kwa mzee wa themanini ningependa kwanza mtu achungulie ndani ya sikio.

Wazee wetu wengi hawakai sehemu moja: miezi sita Reading, miezi sita Tanga. Ikiwa kifaa ni cha NHS, omba akiba ya betri kabla ya safari. Zikiisha huko, angalia rangi ya kibandiko: 312 ni kahawia, 13 ni chungwa, 675 ni buluu, na rangi hizo ni zilezile Dar, Nairobi na London. Hewa ya pwani ina unyevu, basi usiku kiwekwe kwenye kopo lenye vidonge vya kukausha, mlango wa betri ukiwa wazi. Na ile audiogramu ikunje uiweke kwenye pasipoti yake; mtaalamu wa huko ataisoma bila kuhitaji tafsiri.