Ng'ombe Nyuma ya Dirisha: Ziara katika Mashamba ya Familia Pembezoni mwa Dar es Salaam

Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu takriban watu milioni 2.5 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Nyongeza hiyo haikukaa Kariakoo wala Upanga. Kwa sehemu kubwa imekaa Chanika, Kibamba, Goba na Bunju, mahali ambapo kizazi kimoja nyuma palikuwa na mikorosho, minazi na mashamba ya mihogo. Familia nyingi zilizokuwa zikilima huko hazikuhama. Mji ndio uliozifuata.

Katika miezi ya karibuni nimezitembelea baadhi ya familia hizo, nikifuatana na mtaalamu wa mifugo wa eneo husika. Hospitalini sisi matabibu humpokea mgonjwa akiwa mwisho wa safari yake: homa imeshadumu majuma matatu, dawa za malaria ameshazimeza mara mbili, na kipimo kinaonyesha kwamba hana vimelea vya malaria hata kimoja. Nilitaka kuona safari hiyo huanzia wapi.

Mwenye kaya ya kwanza, mzee aliyevuka miaka sabini, alianza na ekari nne upande wa Chanika. Ameuza kiwanja baada ya kiwanja ili asomeshe watoto, ajenge na amtibu mkewe, ambaye sasa ni marehemu. Leo amebakiwa na kama robo ekari. Ng'ombe wake wa maziwa, hata hivyo, bado ni watano, kwa kuwa ndio wanaolipa karo za wajukuu. Banda lao limesogea hadi chini ya dirisha la chumba wanamolala wajukuu hao. Tunapozungumzia ukuaji wa miji tumezoea kutaja barabara, maji na vyoo. Mara chache tunasema kwamba kila kiwanja kinachouzwa humsogeza mnyama hatua chache karibu na kitanda cha mtoto.

Binti wa mzee ndiye mkunga wa zizi. Alinisimulia, pasipo kuona ajabu yoyote, jinsi ng'ombe mmoja alivyotupa mimba mwaka uliopita na jinsi yeye alivyomvuta ndama mfu kwa mikono mitupu. Kondo la nyuma lilitupwa jalalani, mbwa wakalila. Nilimwuliza kama aliugua baadaye. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Shikamoo yako naipokea kwa heshima, daktari, ila swali hilo ungemwuliza mama mdogo. Yeye ndiye aliyekuwa akinisaidia, na mgongo haujampa raha tangu masika."

Sikuweza kumpima mama huyo pale uani, wala sitaki kumtangazia ugonjwa kwa kusikia tu. Tulimwandikia barua ya kwenda kituo cha afya. Lakini maelezo hayo lazima yamkumbushe kila tabibu ugonjwa wa brusela, ambao wafugaji huuita ugonjwa wa kutupa mimba. Bakteria wake hujaa katika kondo na maji ya uzazi ya mnyama aliyeambukizwa. Humwingia binadamu kupitia michubuko ya ngozi, macho, pumzi au maziwa mabichi. Dalili zake ni homa inayopanda na kushuka, jasho jingi usiku, uchovu, na maumivu ya viungo na mgongo. Wanaume wengine huvimba korodani, na mjamzito aweza kupoteza mimba. Tiba ipo: kwa kawaida ni doksisaiklini kwa majuma sita pamoja na dawa nyingine. Anayeiacha baada ya siku kumi kwa sababu homa imetulia hujiweka katika hatari ya kuugua upya.

Tatizo ni kuutambua. Utafiti uliofanywa Moshi, uliochapishwa mwaka 2013, uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Asilimia 60.7 yao walidhaniwa na matabibu kuwa na malaria. Waliothibitika kuwa nayo walikuwa asilimia 1.6. Magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, brusela ikiwemo, yalionekana kwa takriban robo ya wale waliochunguzwa kikamilifu. Moshi si Dar es Salaam, na kiwango cha malaria hutofautiana. Hata hivyo swali moja, "Nyumbani mnafuga nini?", halina gharama, nami naona ni aibu kwa taaluma yetu kwamba haliulizwi katika vyumba vingi vya daktari.

Kuhusu maziwa, kaya zote nilizozitembelea huchemsha yale ya chai. Hatari imo katika mtindi, ambao wengi huugandisha kwa maziwa mabichi wakiamini kwamba uchachu huua vijidudu. Uchachu hauwaui brusela kwa uhakika. Njia salama si ngumu: maziwa yachemshwe kwanza, yaachwe yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha yatiwe kijiko cha mtindi uliotokana na maziwa yaliyochemshwa vilevile. Bibi mmoja alilalamika kwamba ladha hubadilika. Ni kweli, hubadilika kidogo.

Huko Kibamba nilikuta familia yenye kuku mia nne wa mayai, wakitunzwa na mama na wanawe wawili. Kwenye rafu palikuwa na pakiti ya oksitetrasaiklini, ambayo hutiwa katika maji ya kunywa kila kuku wanapopoa, na wakati mwingine kabla hawajapoa, "kwa kinga". Mayai ya siku hizo huuzwa kama kawaida, ingawa maelekezo ya dawa za mifugo hutaja siku za kusubiri kabla ya mazao kuliwa. Msomaji atambue kwamba dawa hiyo ni ndugu wa karibu wa doksisaiklini ile ile tunayoitegemea kutibu brusela. Bakteria wa matumbo ya kuku wakizoea dawa hii, usugu huo waweza kuwafikia binadamu kupitia samadi, mikono na nyama. Sikumlaumu mama yule. Dukani aliuzia dawa hakuulizwa chochote, na hasara ya kundi moja la kuku kwake ni hasara ya mwaka mzima. Chanjo ya kideri na ya gumboro kwa wakati, pamoja na matandiko makavu, vingemwondolea sehemu kubwa ya hofu inayomfanya anunue pakiti hizo.

Wakulima wa mchicha na matembele kando ya Mto Msimbazi wanastahili makala yao wenyewe. Hapa natosheka kusema kwamba mboga iliyomwagiliwa kwa maji yale ioshwe vizuri na ipikwe.

Tulirudi kwa mzee wa Chanika kumshauri ng'ombe wote wapimwe damu, na mitamba wachanjwe wangali wadogo. Alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Mkimkuta mmoja anao, mtaniambia nimchinje. Nani atanilipa?" Mtaalamu wa mifugo alinitazama, nami nikamtazama yeye. Mzee akakubali vipimo, kwa sharti kwamba jibu la swali lake lije pamoja na majibu ya damu. Sampuli zimechukuliwa. Kwa sasa, binti yake ana jozi mbili za glavu ndefu za mpira, na shimo la kuzikia kondo limechimbwa nyuma ya banda, mbali na mbwa.