Gari likishanyanyuliwa: pembe za magurudumu na ukweli wa spidomita

Gari linaponyanyuliwa sentimita tano na kufungwa matairi makubwa zaidi, vitu viwili huvurugika siku hiyo hiyo bila kuonekana kwa macho. Cha kwanza ni pembe ambazo magurudumu ya mbele hukanyagia barabara. Cha pili ni hesabu ambayo spidomita huitumia kutaja mwendo. Hitilafu ya kwanza humfikia dereva mapema kupitia usukani, kwani gari huanza kuyumba, kuvuta upande mmoja na kula matairi. Ya pili haimfikii kabisa, maana mshale huendelea kupanda na kushuka kama kawaida, ila unachokisema si kweli tena.

Katika kata ya Nyamwaga, yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, sababu za kunyanyua gari zinaeleweka. Kata hiyo iko kwenye njia inayotoka mjini Tarime kuelekea Nyamongo, kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara, kisha kuvuka Mto Mara kwenda Mugumu wilayani Serengeti. Ni nchi ya vilima, ya mvua za masika na vuli, na ya njia za vijijini zenye makorongo yanayochimbwa na maji. Ukiteremka kuelekea Hifadhi ya Serengeti unakutana na udongo mweusi wa mbuga, ambao mvua moja inatosha kuugeuza tope linalomeza gurudumu hadi kwenye rimu. Lakini lami nayo imekuwa ikisogea kwa vipande kwenye njia hiyo, na hapo ndipo jambo lenyewe linapobadilika: gari lililonyanyuliwa kwa ajili ya tope sasa linakimbia juu ya lami, na kosa la pembe au la spidomita lililokuwa dogo kwenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa linakuwa hatari kwenye mwendo wa 90.

Ni vizuri kujua kwanza kila sehemu inanyanyua nini. Springi ndefu, pleti za kuongezea au spesa huinua chasisi na bodi. Kwenye gari lenye ekseli nzima, difu hubaki pale pale ilipokuwa. Kinachoinua difu kutoka kwenye jiwe ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya tofauti ya kipenyo. Tairi la 265/70R16, linalofungwa kwenye Toyota Prado nyingi, lina kipenyo cha takriban milimita 777. Tairi la 285/75R16 lina takriban milimita 834. Tofauti ni milimita 57, na gari linapanda milimita 28. Namba hizo mbili, 777 na 834, zitarudi mbele kwenye hesabu ya spidomita.

Mafundi wa alaimenti hushughulika na pembe tatu. Tou ni uelekeo wa magurudumu mawili ya mbele yakitazamwa kutoka juu, kama ncha zake za mbele zinakaribiana au zinaachana. Kemba ni mlalo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele ya gari, kama kichwa chake kimeegemea ndani au nje. Kasta ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, ukitazamwa kutoka ubavuni. Uma wa baiskeli huonyesha kasta vizuri: sehemu ya juu imelalia nyuma, ndiyo maana baiskeli iliyo kwenye mwendo hujinyoosha hata mpandaji akilegeza mikono. Gari nalo hutegemea mlalo huo ili usukani urudi katikati wenyewe baada ya kona.

Kwenye magari ya ekseli nzima mbele, kama Land Rover Defender na Nissan Patrol, kasta ndiyo inayoumia zaidi. Land Cruiser za familia ya 70, ambazo Toyota ilianza kuzitoa mwaka 1984 na ambazo wengi huziita mkonga kwa ajili ya bomba lake la hewa, nazo zimo. Matoleo yake mazito yalianza kufungwa springi za koili mbele mwaka 1999. Kwenye magari ya koili, ekseli hushikwa na mikono miwili iliyofungwa kwenye chasisi kwa upande wa nyuma. Chasisi ikiinuliwa, ncha hizo za nyuma hupanda nayo, mikono inainamisha pua, na ekseli nzima inazunguka ili kichwa chake kilalie mbele. Kwa kila sentimita mbili hadi tatu za kunyanyua, takriban digrii moja ya kasta hupotea. Magari haya hutoka kiwandani na digrii chache tu, kwa hiyo gari lililopandishwa sentimita tano linaweza kubaki na kasta ndogo mno. Dereva husema gari limekuwa jepesi, usukani haurudi, na kwenye lami inabidi lirekebishwe muda wote.

Hakuna skrubu ya kurekebisha kasta kwenye ekseli ya namna hii, na fundi anayesema ameirekebisha kwenye mashine bila kubadilisha kitu chochote hasemi kweli. Dawa yake ni vifaa: bushi ambazo tundu lake haliko katikati, au braketi zinazoshusha ncha za mikono kwenye chasisi. Land Cruiser za zamani zenye springi za pleti mbele hurekebishwa kwa njia rahisi na imara zaidi, kwa kupachika kabari za chuma kati ya springi na ekseli. Kabari ikiwekwa kinyume huondoa hata kasta iliyokuwa imebaki, kwa hiyo upande wake mnene lazima uthibitishwe kabla ya yubolti kukazwa.

Springi za koili huleta jambo jingine. Ekseli huzuiwa kwenda kando na fimbo ya Panhard, inayotoka kwenye chasisi upande mmoja hadi kwenye ekseli upande wa pili. Gari likipanda, fimbo hiyo husimama zaidi na kuivuta ekseli pembeni, hivyo tairi la upande mmoja hutokeza kuliko la upande wa pili. Fimbo ya kurefushwa hurudisha ekseli katikati. Bushi za fimbo hii zikichoka, gari linaweza kugonga shimo na usukani ukaanza kutetemeka kwa nguvu hadi dereva asimamishe. Kufunga shokapu kubwa ya usukani huficha mtetemo huo tu, na ugonjwa unabaki.

Kwa Prado, Hilux na Fortuner, ambazo kila gurudumu la mbele hupanda na kushuka peke yake, kunyanyua kunahamisha pembe zote tatu kwa pamoja. Kuna bolti za mviringo kwenye mkono wa chini zinazowezesha kurudisha kemba na kasta, lakini uwezo wake una mwisho. Kwa kawaida sentimita tano ndiyo mpaka wa busara. Ukizidi hapo bolti hufika mwisho kabla ya vipimo kupatikana, na mikono ya juu yenye umbo jingine inahitajika. Shafti za mbele nazo hufanya kazi zikiwa zimepinda zaidi. Mipira inayofunika viungo vyake huchanika, na vumbi la njia za Tarime likiingia kwenye grisi, kiungo hakidumu. Kwenye RAV4, Harrier na Noah zilizowekwa spesa juu ya shokapu, mara nyingi kinachoweza kurekebishwa bila kutoboa au kubadilisha kitu ni tou peke yake. Hilo liwe onyo kwa anayetaka kuzipandisha sana.

Tou ndiyo inayokula matairi haraka kuliko zote. Gurudumu lililopinda milimita tatu kati ya ukingo wake wa mbele na wa nyuma huburuzwa pembeni karibu mita nne katika kila kilomita moja. Dalili yake hugunduliwa kwa kiganja: ukipitisha mkono juu ya meno ya tairi kwenda ndani unahisi laini, ukiurudisha unahisi makali.

Kazi yenyewe ina mpangilio wake. Boljointi, tairodi, bushi na beringi hukaguliwa kwanza, kwa sababu kupima gari lenye viungo vilivyolegea ni kupima kitu kinachobadilika dakika inayofuata. Bushi mpya hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa linaning'inia kwenye jeki, la sivyo mpira wake huzaliwa ukiwa umejipinda. Matairi manne yawe na ukubwa na upepo unaostahili, na gari liwe na mzigo wake wa kawaida. Gari la mgodini linalobeba vifaa kila siku halipimwi likiwa tupu. Kisha kasta hutangulia, kemba hufuata, na tou huja mwisho kwa kuwa mbili za kwanza huihamisha. Usukani hunyooshwa katikati kwa kurekebisha fimbo zake, si kwa kuung'oa na kuurudisha ukiwa umegeuzwa. Magari yenye mfumo wa kuzuia kuteleza huhitaji pia sensa ya usukani isomeshwe upya mahali palipo katikati. Springi mpya hushuka kidogo baada ya kutumika, kwa hiyo kipimo cha pili baada ya kilomita 500 hadi 1,000 ni cha lazima.

Mahali ambapo mashine ya kompyuta iko mbali, tou inaweza kupimwa kwa utepe na chaki. Alama hupigwa mbele ya kila tairi, kwenye kimo cha kitovu, na umbali kati ya alama mbili hupimwa. Gari husukumwa mbele hadi alama zile zile zifike nyuma kwa kimo kile kile, na umbali hupimwa tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo tou. Njia hii ikifanywa kwa uangalifu kwenye sakafu tambarare inatosha kulifikisha gari Musoma au Mwanza bila kuharibu matairi, ila haisemi lolote kuhusu kasta.

Kabla ya kuondoka kwenye pembe, breki zitazamwe. Toyota nyingi za kazi zina vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa kijiti. Chasisi ikipanda, vali hudhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, hata gari likiwa limejaa. Braketi yake lazima irekebishwe. Mipira ya breki isivutike gurudumu linaponing'inia, na taa za mbele zishushwe zisipofushe wanaokuja.

Spidomita haipimi mwendo moja kwa moja. Inahesabu mizunguko, kisha kuizidisha kwa mzingo wa tairi lililokusudiwa na kiwanda. Tairi la milimita 834 husafiri zaidi katika kila mzunguko kuliko la milimita 777, kwa asilimia 7.3. Kama spidomita ilikuwa sahihi, ikionyesha 50 gari liko kwenye 53.6, na ikionyesha 80 gari liko karibu 86. Kosa liko upande mbaya: dereva anaambiwa anakwenda polepole kuliko anavyokwenda. Nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza huongezeka kwa mraba wa mwendo, hivyo asilimia saba za mwendo ni karibu asilimia 15 za umbali wa kusimama tangu breki zikanyagwe.

Viwanda huweka spidomita zizidishe kidogo. Kanuni ya 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza spidomita kuonyesha chini ya mwendo halisi, na kuruhusu izidishe hadi asilimia 10 na kilomita nne juu yake. Kwa hiyo matairi makubwa kwanza hula akiba hiyo, kisha huvuka. Ndiyo maana gari hupimwa kabla ya kurekebishwa. Simu yenye GPS inatosha, abiria akiisoma kwenye kipande kilichonyooka. Isipokuwapo, kilomita moja kwa mwendo wa 60 huchukua sekunde 60. Ikiisha kwa sekunde 56, gari liko kwenye 64.

Sheria haina mlango kwa kosa hili. Kwenye makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa, mabasi na magari mazito hayaruhusiwi kuzidi 80, na ndani ya Hifadhi ya Serengeti kikomo ni 50. Tochi ya askari wa usalama barabarani haisomi dashibodi, wala mfumo wa LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, unaofuatilia mabasi kwa setilaiti.

Hesabu ya kilomita nayo hudanganya. Dashibodi ikionyesha 10,000, gari limekwenda 10,727. Oili ya kubadilishwa kila kilomita 5,000 hucheleweshwa kwa zaidi ya 360. Mafuta nayo huonekana kuliwa kuliko ukweli: lita 12 kwa kilomita 100 za dashibodi ni kama lita 11.2 kwa kilomita 100 za barabarani.

Marekebisho hutegemea umri wa gari. Spidomita ya waya huzungushwa na gia ndogo ya plastiki kwenye gia boksi. Gia yenye meno 30 ikibadilishwa kwa ya meno 28, usomaji hupanda asilimia saba. Magari ya sensa hufungwa kisanduku kidogo kinachozidisha mapigo ya umeme yaendayo kwenye dashibodi. Kiunganishwe kwenye waya wa spidomita pekee, si ule unaolisha kompyuta ya injini au ya breki za ABS.

Njia ya tatu hutibu mawili kwa pamoja. Matairi makubwa huifanya gia kuwa nzito: difu ya 4.10 hutenda kama 3.82, na gari husumbuka kwenye vilima. Difu ikibadilishwa kuwa 4.30, nguvu hurudi kwa sehemu kubwa. Kwenye gari ambalo sensa yake iko kwenye gia boksi, kosa la spidomita nalo hushuka hadi kama asilimia 2.3. Difu za mbele na nyuma lazima zibadilishwe zote, la sivyo gari litajivunja lenyewe forwili ikiingizwa. Kwa magari yanayosoma mwendo kwenye magurudumu kupitia ABS, difu haibadilishi spidomita hata chembe.

Gharama ya alaimenti mbili na ya kurekebisha spidomita ihesabiwe pamoja na ya springi na matairi tangu mwanzo. Gereji inayokabidhi gari bila hayo imekabidhi kazi nusu, na mwenye gari ana haki ya kukataa kulipokea.