UPEPO WA KARAKANA SI KITU CHA KUCHEZEA



Mwezi huu tunapenda kuzungumza na familia zenye vijana wanaofanya kazi, au wanaojifunza kazi, katika karakana za useremala na gereji. Tumesukumwa kufanya hivyo na mgonjwa mmoja tuliyempokea hospitalini kwetu.

Alikuwa kijana wa miaka 19 anayejifunza useremala. Aliletwa jioni, tumbo limevimba na kukaza kama ngoma, jasho linamtoka, hawezi kulala wala kukaa. Wenzake waliomleta walinyamaza kwa muda mrefu kabla ya kusema ukweli. Hatimaye mmoja alieleza. Kazi ilikuwa imekwisha, wakachomoa bisibisi ya upepo kutoka kwenye mpira wa kompresa na kuweka bomba la kupulizia, ili wapulize vumbi la mbao lililojaa kwenye nguo zao. Katika utani, mwenzake akamwelekezea bomba lile makalioni. Ilikuwa sekunde moja au mbili tu, na suruali alikuwa ameivaa.

Upepo ulipenya nguo, ukaingia njia ya haja kubwa na kupasua utumbo. Alifanyiwa upasuaji usiku ule ule. Alipona kwa sababu aliletwa mapema, lakini alikaa miezi kadhaa akipata choo kupitia mfuko uliobandikwa tumboni, mpaka alipofanyiwa upasuaji wa pili.

Mama yake alituuliza swali ambalo hatulisahau: "Sista, si upepo tu? Upepo unapasuaje utumbo wa mtu?"

Mama yule aliuliza vema. Panga tunaliogopa kwa sababu tunaona makali yake. Moto tunauogopa kwa sababu unaunguza. Lakini upepo hauna rangi, hauna makali, na sote tunauvuta kila siku. Kwa hiyo vijana huuona kama kitu cha kuchezea. Ukurasa wetu wa leo ni jibu kwa mama yule.

UPEPO HUU NI UPEPO GANI?

Kompresa hukusanya hewa ya kawaida na kuishindilia ndani ya tangi. Kadiri hewa inavyoshindiliwa ndivyo inavyotafuta njia ya kutoka kwa nguvu. Wengi wetu tumewahi kujaza upepo kwenye tairi la gari dogo, na tunajua kwamba kipimo chake ni kama paundi 30 kwa inchi moja ya mraba. Sasa, bisibisi nyingi za upepo zimetengenezwa kufanya kazi kwa paundi 90, yaani mara tatu ya upepo wa tairi hilo. Ndani ya tangi upepo huweza kuwa mkali zaidi ya hapo.

Nguvu hiyo ndiyo inayozungusha bisibisi na kukaza skrubu upesi kuliko mkono. Nguvu hiyo hiyo, ikielekezwa mwilini, huweza kutoboa ngoma ya sikio, kuumiza jicho, kurusha kipande cha mbao au chuma kama risasi, na kuingia chini ya ngozi kupitia kidonda kidogo. Jambo la kukumbuka ni hili: kuzima kompresa hakuondoi upepo. Upepo hubaki kwenye tangi, kwenye mpira na kwenye bisibisi mpaka mtu autoe. Ajali nyingi hutokea wakati mtu anafikiri kazi imekwisha.

KUANDAA BISIBISI YA UPEPO

1. Mahali pa kompresa. Pawe pakavu na penye hewa ya kutosha. Kompresa inayotumia injini ya petroli au dizeli ikae nje, kwa maana moshi wake una sumu ya kaboni monoksaidi isiyoonekana wala kunusika, nayo huua. Mkanda unaozunguka ufunikwe na kinga yake.

2. Tangi. Maji hujikusanya ndani ya tangi na kulitia kutu. Kutu hulifanya jembamba mpaka siku moja linapasuka. Kila siku baada ya kazi, fungua koki ya chini na kuyatoa maji. Valvu ya usalama isizibwe wala kufungwa kwa waya. Kazi yake ni kutoa upepo unapozidi. Tangi lenye kutu au lililotoboka lisichomelewe kienyeji. Wala mtungi wa gesi ya kupikia usigeuzwe kuwa tangi la upepo.

3. Mpira. Tumia mpira uliotengenezwa kwa kazi ya upepo mkali, usio na mipasuko. Kuna mafundi wanaofunga sehemu iliyopasuka kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Hiyo ni hatari, kwani mpira ukichomoka hurukaruka kama nyoka na kiungio chake cha chuma huweza kumpiga mtu usoni. Mpira usipite mahali watu wanapokanyaga.

4. Kuunganisha. Funga kwanza koki ya upepo, ndipo uunganishe bisibisi. Hakikisha kiungio kimeshika kabisa, kisha fungua koki polepole. Ukisikia sauti ya upepo unaovuja, funga tena na urekebishe. Usitafute tundu linalovuja kwa kidole. Paka maji ya sabuni, utaona mapovu.

5. Kipimo. Soma maandishi kwenye bisibisi yenyewe uone inataka paundi ngapi, kisha rekebisha regulata ifikie hapo. Usizidishe ili kazi iende mbio. Kama mtengenezaji ameagiza mafuta, tia matone machache ya mafuta ya vifaa vya upepo mahali mpira unapoingia.

6. Ncha. Wakati wa kuweka au kubadilisha ncha ya bisibisi, chomoa mpira kwanza. Tumemshona fundi mmoja vidole viwili kwa sababu alibadilisha ncha mpira ukiwa umeunganishwa, na kiganja chake kikabonyeza kifyatuo bila yeye kukusudia. Alituambia alitaka kuokoa dakika moja. Alikaa wiki sita bila kazi.

7. Kujaribu. Anza na nguvu ndogo ya kukaza, ujaribu kwenye kipande cha mbao kisicho na kazi. Ongeza kidogo kidogo mpaka skrubu ikae sawasawa bila kupasua mbao.

Tunaongeza onyo moja kubwa kwa wenye gereji. Mtungi wa oksijeni wa kuchomelea vyuma usitumiwe KAMWE kuendesha kifaa cha upepo wala kupuliza vumbi. Oksijeni ikikutana na mafuta au grisi huweza kuwaka na kulipuka, na nguo iliyopulizwa oksijeni hushika moto kwa cheche moja.

WAKATI WA KAZI

Vaa miwani ya kinga, hata kama ni skrubu moja tu. Miwani ya jua haitoshi. Ziba masikio kwa viziba sikio vya kazi, hasa kama kelele inakulazimu kupaza sauti ili mtu aliye karibu nawe akusikie. Kelele hiyo huharibu usikivu taratibu, bila maumivu, na ukishapotea haurudi.

Mikono mirefu ya shati ifungwe, na kina mama wafunge vizuri kilemba au mtandio, maana kitu kinachozunguka hushika kitambaa upesi kuliko unavyoweza kukivuta.

Kipande cha mbao kibanwe mezani kwa jiliwa. Usikishike kwa kiganja huku ukikaza skrubu kuelekea kiganja hicho, kwa kuwa ncha ikiteleza itaingia mkononi. Simama imara na kunyosha kifundo cha mkono, kwa sababu skrubu inapofika mwisho bisibisi huvuta mkono kwa ghafla. Unapotembea, ondoa kidole kwenye kifyatuo, wala usiibebe bisibisi kwa kuning'iniza mpira wake.

Anayetumia kifaa kinachotetemeka kutwa nzima apumzishe mikono mara kwa mara. Vidole vikianza kufa ganzi au kuwa vyeupe wakati wa baridi, hiyo ni dalili ya kuja hospitali.

Kazi ikiisha, fuata mpangilio huu: funga koki ya tangi, elekeza bisibisi chini mbali na miguu, bonyeza kifyatuo mpaka upepo wote utoke, ndipo uchomoe mpira. Vumbi la nguo litolewe kwa brashi au kwa kukung'uta nje. Lisipulizwe na kompresa. Asiwepo mtu wa kuelekezewa upepo, awe mkubwa au mdogo, kwa kazi au kwa utani.

AJALI IKITOKEA

Jicho: Kama ni vumbi tu, lioshe kwa maji safi mengi. Usilifikiche. Kama kuna kitu kimechoma jicho, usikitoe na usilioshe. Lifunike kwa kikombe safi bila kuligandamiza, mwambie mgonjwa atulie, mumlete hospitali mara moja. Maziwa ya mama, maji ya sukari na majani yaliyopondwa visitiwe jichoni. Tumeona macho yaliyopotea kwa sababu ya dawa hizo, na si kwa sababu ya ajali yenyewe.

Kidonda: Gandamiza kwa kitambaa safi ili kuzuia damu, kisha njooni kidonda kioshwe vizuri na mgonjwa apewe sindano ya pepopunda ikihitajika.

Upepo chini ya ngozi: Hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano, mkiona sehemu imevimba, na ukiibonyeza inatoa mlio kama wa karatasi inayokunjwa, msisubiri hadi kesho. Upepo na uchafu vimeingia ndani.

Sikio: Likiuma, likitoa damu au kuacha kusikia baada ya kupigwa na upepo, usitie mafuta wala dawa yoyote ndani. Lifunike kwa kitambaa kikavu na uje.

Tumbo: Mtu aliyeingiwa na upepo kwa njia ya haja kubwa apelekwe hospitali papo hapo, hata kama anasema amepata nafuu. Asipewe chakula, maji, dawa ya kuharisha wala enema. Tunawasihi sana jambo hili: semeni ukweli mnapofika. Vijana huficha kwa aibu, na saa zinazopotea katika kuficha ndizo zinazoua. Wauguzi na madaktari hawatamcheka mtu. Wanataka kujua nini kimetokea ili wamwokoe.

WAZAZI, MUULIZENI FUNDI

Mzazi anapomkabidhi kijana wake kwa fundi huuliza ada ni kiasi gani na atajifunza kwa muda gani. Tunaomba muongeze maswali haya: Je, kuna miwani ya kinga kwa kila mmoja? Tangi la upepo limekaguliwa lini? Nani atamfundisha kutumia vifaa vya upepo kabla hajaachiwa peke yake? Na je, utani wa kupulizana umekatazwa? Fundi mwema hatachukia kuulizwa.

Sheria pia iko upande wenu. Kwa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mahali pa kazi awalinde wanaofanya kazi kwake, na ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa katika mazingira ya hatari. Basi mtoto aliyekuja karakana wakati wa likizo kumsaidia mjomba wake asipewe bisibisi ya upepo eti kwa kuwa anaonekana ana nguvu.

Wapo watakaosema ajali haina kinga. Sisi tunaofunga vidonda hatukubaliani na msemo huo kwa ajali za namna hii. Kijana yule angekingwa na brashi ya kufutia vumbi. Fundi yule wa vidole angekingwa na dakika moja ya kuchomoa mpira.

Siku alipokuja kuondolewa nyuzi za upasuaji wa pili, kijana alifuatana na mama yake. Tulimuuliza kama atarudi kwenye useremala. Akasema amekwisha kurudi, na kwamba bomba la kupulizia amelifungia kabatini na ufunguo anao fundi mkuu. Mama akacheka, akasema, "Sasa hata mimi nikiisikia kompresa napita mbali."

Mama, si lazima kupita mbali. Yatosha kuuheshimu upepo na kuutoa kabla ya kugusa.

Hadi mwezi ujao, tunawatakia afya njema na kazi njema.