Meseji ya salfa inafikaje kwenye kitochi, na inapotelea wapi



Mwezi wa sita mwaka jana mama mmoja wa huku kwetu Lulindi alinifuata amekasirika kabisa. "Bwana shamba, nimeweka bando mara mbili na meseji ya salfa haiji. Wenzangu wameshapuliza!" Chama chake cha msingi kilikuwa kinaita wanachama kwa meseji kutoka kwenye mfumo, waje kuchukua mgao. Kijana mmoja wa kijiweni ndiye aliyemwambia anunue bando, maana "mfumo uko kwenye intaneti".

Kijana alipatia nusu. Mfumo kweli uko kwenye intaneti, lakini meseji haiji kwa intaneti. Mama ana kitochi, na kitochi hakina shida yoyote na meseji.

Iko hivi. Karani akibonyeza "tuma", kompyuta ya mfumo haina uwezo wa kuongea na mnara wa simu moja kwa moja. Inapeleka kwa intaneti vitu vitatu: namba yako, maneno, na jina la mtumaji. Vinapokelewa na kampuni ya katikati, ambayo mguu mmoja uko kwenye intaneti na mwingine uko kwenye mitandao ya simu. Africa's Talking, iliyoanza Nairobi mwaka 2010, ni moja ya kampuni za kazi hiyo. Hapo katikati ujumbe unakabidhiwa kituo cha meseji cha mtandao wako. Kituo kinatafuta simu yako iko mnara gani, kisha kinakurushia. Kama umezima, au uko bondeni hakuna mtandao, kinaitunza na kujaribu tena. Lakini hakitunzi milele. Ukikaa na simu iliyozimika siku kadhaa kwa sababu ya chaji, meseji inaweza kuisha muda wake na usiione kabisa.

Kwa hiyo "imetumwa" na "imefika" ni vitu viwili tofauti. Mifumo mingi inaonyesha vyote. Ukienda chamani kulalamika, usikubali kuambiwa tu imetumwa, omba karani aangalie kama imefika, na kwenye namba ipi.

Tulipoangalia ya yule mama, namba ilikuwa ya laini aliyoipoteza zamani. Mfumo haumjui mama kwa sura, wala haujui shamba lake. Unamjua kwa tarakimu kumi, basi. Tulirekebisha, akapata salfa wiki mbili nyuma ya wenzake. Ubwiri unga haukumsubiri, maua ya mikorosho ya upande wa chini yalishaungua.

Njia ya pili ni ile ya kupiga nyota na reli. M-Pesa *150*00#, au menyu ya huduma za serikali *152*00# ambayo ndani yake kuna kilimo. Hii nayo haihitaji bando, inahitaji mtandao wa simu tu. Kila ukichagua namba, chaguo lako linapita kwenye mtandao wa simu, linageuzwa kuwa ombi la intaneti, linafika kwenye kompyuta ya mfumo, na jibu linarudi njia ileile. Tofauti na meseji, hapa hakuna kutunza. Ni mazungumzo ya papo kwa papo, ukichelewa kujibu yanakatika na unaanza upya. Andika namba zako kwenye karatasi kabla ya kupiga, na simama pale mtandao unaposhika vizuri. Kila mtaa una mwembe wake, mnaujua.

Sasa nyie mnaouza miche ya kubebesha au mnaofanya kazi ya kupulizia kwa malipo. Wengi mna grupu la WhatsApp mnadhani mmemaliza. Hesabu wateja wako wangapi wana simu janja. Wenye kitochi hawaoni tangazo lako, na mara nyingi ndio wenye mikorosho mingi. Meseji za jumla zinatumwa kwa njia hiyohiyo niliyoeleza, unalipia kwa kila meseji, na jina la mtumaji linaombewa kibali kabla hujalitumia.

Hapa kuna kitu kinakula hela za watu. Meseji moja inabeba herufi 160. Ukinakili maneno kutoka WhatsApp yakaja na kikatuni, au kile kialama cha "ng'" kilichopinda badala ya kilichonyooka, nafasi inashuka hadi herufi 70. Tangazo ulilodhani ni meseji moja linalipiwa kama tatu. Mara wateja 140, piga hesabu mwenyewe. Andika upya kwa mkono, weka tarehe, bei na namba ya kupiga, inatosha.

Kuhusu matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", meseji zao zitume 15040. Na yeyote anayekupigia akitaka namba ya siri ili "akuunganishe na mfumo", mkatie simu.

Kabla ya msimu wa salfa piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, halafu nenda chamani ukasomewe namba yako tarakimu moja moja. Mpeleke na mzee wa nyumbani, na umwandikishe kwa namba yake mwenyewe. Namba yako wewe ukihamia Mtwara mjini inaondoka na meseji zake.