Profesa wa uyoga na swali lake kwa wanakijiji

Mvua zikirudi Kasongo, biashara ya asubuhi inabadilika. Kando ya barabara inayotoka Kabambare, wamama na watoto wanatandika majani ya migomba chini, na juu yake wanapanga mafungu ya uyoga ambao bado una udongo wa kichuguu. Mnunuzi haulizi kama una sumu. Anamtazama muuzaji, anamjua, analipa. Jioni uyoga huo uko ndani ya mafuta ya mawese, kando ya sahani ya bukari.

Ujuzi wa muuzaji kama huyo ndio Donatha Tibuhwa, mwalimu na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliuingiza katika kazi ya sayansi. Tibuhwa ni mtaalamu wa uyoga na kuvu, fani ambayo ina watu wachache sana katika eneo letu. Mwaka 2012 alichapisha utafiti kuhusu jamii zinazoishi karibu na hifadhi za Serengeti na Ngorongoro: wanaupa uyoga majina gani, wanautenganisha vipi, wanautumia kwa kazi gani. Mwaka uliofuata akaandika tena, safari hii kuhusu uyoga wa porini kama chakula na chanzo cha pesa vijijini.

Lakini jina lake lilianza kusikika kupitia maabara. Mwaka 2008, pamoja na Profesa Amelia Kivaisi wa chuo hicho hicho, Bart Buyck na Leif Tibell, alitangaza aina mpya kutoka Tanzania, Cantharellus fistulosus, uyoga wenye shina lililo wazi ndani kama bomba. Mpya kwa sayansi, tuseme. Bibi wa kijijini ana hesabu yake.

Miaka 4 baadaye, yeye na wenzake walikwenda mbali zaidi. Walichunguza vinasaba vya uyoga wa Kiafrika wa kundi hilo, wakaona kwamba baadhi yao, wenye mikunjo minene iliyoachana chini ya kofia, wanastahili kutengwa na ndugu zao. Wakawapa ukoo wao: Afrocantharellus. Hoja hiyo haikukubaliwa na wote. Mwaka 2014 kikundi kingine cha watafiti, Buyck akiwa miongoni mwao, kiliwarudisha ndani ya Cantharellus kama tawi tu. Mtu aliyeandika nao mwaka 2008 sasa alikuwa upande wa pili wa hoja. Katika sayansi hilo si ugomvi, ni kazi ya kila siku.

Uyoga wa kundi hilo unaishi kwa kushikamana na mizizi ya miti. Ukikata mti kwa ajili ya makala, uyoga wake hauoti tena pale.

Uyoga wa kichuguu nao una siri yake. Wataalamu wanauita Termitomyces, jina lililotolewa na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942. Mchwa hutafuna majani makavu na miti, hujenga masega chini ya udongo, na kuvu humea juu yake. Mchwa hula kuvu hiyo, kuvu nayo hulishwa na mchwa. Mvua ikinyesha, uyoga hupasua udongo na kutokea. Uyoga mwingine unalimwa vizuri. Kikundi cha Kivaisi kilionyesha kwamba unaweza kuoteshwa hata juu ya mabaki ya mkonge. Huu wa kichuguu unabaki shamba la mchwa. Tibuhwa aliuchunguza pia, na mwaka 2012 akaandika jinsi aina za Tanzania zinavyokua ndani ya maabara.

Huku kwetu kazi kama hiyo imeanza. Mwaka 2017 kilitoka kitabu kuhusu uyoga unaoliwa Haut-Katanga, na Bill Kasongo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ni mmoja wa waandishi wake. Mwaka 2018 Héritier Milenge Kamalebo na wenzake waliandika kuhusu Tshopo: aina 73 zinazotumiwa na wananchi, 68 kati yake zikiwa chakula.

Maniema iko kati ya majimbo hayo. Kusini mwake, msitu mkubwa unakutana na mbuga, na orodha ya Tshopo haiwezi kutosha. Wakati huo huo vijana wengi wa Kabambare wako kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Salamabila, na familia nyingine zilikimbia vijiji kwa sababu ya vita. Kijana aliyekulia kwenye shimo hakumfuata mama yake porini. Hilo ni jambo la uhai: kuna uyoga ambao sumu yake huanza kuonekana baada ya zaidi ya saa 6, wakati familia nzima imeshakula na kulala.

Kuanza hakuhitaji maabara. Sampuli iliyokaushwa, picha, tarehe, mti uliokuwa karibu, na jina kwa Kibangubangu au Kikusu kama muuzaji alivyolitamka. Ila inabidi kuamka mapema. Saa tatu asubuhi majani ya migomba yamekwisha kukunjwa.