Jiko ndilo linaloibeba baa ya bustani

Ingia baa yoyote ya bustani Sinza, Tabata au Kimara jioni ya Ijumaa, agiza bia mbili na nusu kilo ya mbuzi. Utaletewa bili mbili. Moja ni ya kaunta, nyingine ni ya jikoni, na mhudumu akikuomba ulipe ya nyama kwanza usimwone msumbufu. Fedha hiyo inakwenda kwa mtu mwingine kabisa. Mwenye baa anauza vinywaji, jiko amelikodisha.

Hivyo ndivyo sehemu kubwa ya biashara hii inavyoendeshwa Dar es Salaam na katika miji mingi ya Tanzania. Chini ya mwembe mmoja kuna mwenye kiwanja anayepokea kodi, mwenye leseni ya vileo anayesimamia kaunta, mchoma nyama mwenye jiko lake, mara nyingine mkaanga kitimoto (nyama ya nguruwe) kule nyuma, na muuza chipsi pembeni ya geti. Mteja anaona sehemu moja, lakini wanaofunga hesabu usiku ni watu watatu au wanne, kila mmoja na daftari lake.

Kwa desturi baa hupimwa kwa makreti. Anayetaka kujua kama sehemu inalipa huuliza inauza kreti ngapi kwa siku. Ni kipimo rahisi, lakini kinaficha jambo la msingi, kwamba kinachomtoa mtu nyumbani na kumketisha kwenye kiti cha plastiki kwa saa tatu mara nyingi ni nyama. Bia ile ile, ya ubaridi ule ule, ipo kwenye grosari ya jirani.

Bei ambayo kila mtu anaijua

Mwenye kaunta ana nafasi ndogo ya kujiongezea faida. Bia haikuwa na ushindani wakati kiwanda cha Tanzania Breweries (TBL) kilipokuwa cha serikali. Mambo yalibadilika 1993, wawekezaji wa South African Breweries walipoingia TBL. Kisha East African Breweries ya Kenya ikaleta ushindani kupitia kiwanda cha Moshi, na vita hivyo vikaisha kwa makubaliano ya 2002. Mwaka 2010 kampuni hiyo ya Kenya ilirudi kwa kununua asilimia 51 ya Serengeti Breweries. Baa zimefaidika na mvutano huo. Friji, miavuli, meza na rangi ya ukutani mara nyingi hutoka kwa kampuni inayotaka chupa zake ziwe mbele.

Lakini zawadi hizo haziongezi faida ya chupa. Bei ya jumla inajulikana, ya rejareja inajulikana zaidi, na mnywaji anaikumbuka kuliko namba ya simu ya mkewe. Ushuru wa bidhaa ukipanda kwenye bajeti ya Juni, mwenye baa huupitisha kwa mteja na kubaki na tofauti ile ile. Tangu 2019 chupa zina stempu za kodi za kielektroniki, na njia za mkato zimepungua. Marufuku ya viroba (pombe kali ya vifuko vidogo), iliyoanza Machi 1, 2017, nayo iliondoa bidhaa nafuu iliyokuwa ikizunguka haraka. Anayepandisha bei kwa shilingi mia tano peke yake anampelekea jirani wateja.

Bei asiyoipanga mtu

Jikoni hali ni tofauti. Hakuna kampuni inayotangaza bei ya mbuzi choma redioni. Ng'ombe na mbuzi wanafika mnada wa Pugu kutoka mikoa ya bara, wanachinjwa Vingunguti na machinjio mengine, na kutoka hapo bei inategemea macho na mkono wa mnunuzi. Mchoma nyama anayejua biashara anafika machinjioni alfajiri, anachagua mwenyewe, na hababaishwi na mafuta ya juu juu. Hapo ndipo faida yake inapoanza.

Jioni utamkuta mbele ya nusu pipa lililopasuliwa kwa urefu, wavu wa chuma juu yake, mkaa ukiwa umeshaiva na kuvaa majivu. Mteja anasogea, anaonyesha kwa kidole. "Fundi, nipe mbavu, usinichanganyie na shingo." Nyama inapimwa ikiwa mbichi, na hesabu inafungwa hapo hapo kwenye mizani. Ikiiva itakuwa imepoteza maji na uzito, lakini upungufu huo umeshakuwa wa mteja. Ndiyo maana mteja mzoefu husimama pale pale hadi mshale utulie. Baada ya hapo ni maji ya chumvi yanayonyunyizwa kwa kopo lililotobolewa, kugeuza, kusubiri, kisha kisu na ubao. Sahani inakuja mezani na kachumbari, pilipili, chumvi pembeni na ndizi za kuchoma, baada ya mhudumu kupita na birika la maji ya moto na beseni.

Kati ya mizani na sahani kuna dakika arobaini, pengine saa nzima. Muda huo ndio unaouza bia. Meza ya watu wanne inayosubiri kilo mbili za mbuzi inaweza kumaliza raundi mbili kabla haijaonja hata kipande, na nyama yenyewe, kwa chumvi na pilipili yake, inaita ya tatu. Mwenye kaunta anavuna moto ambao hakuuwasha. Fundi akichelewesha mno, meza inahama. Akiwahisha mno, nyama inakuwa ngumu na mteja harudi. Fundi anayejua kukadiria muda huo ana thamani kuliko spika mpya.

Supu haina saa

Jiko lina faida nyingine ambayo kaunta haina. Sheria ya Vileo ya 1968 inaweka saa za kuuza pombe kulingana na aina ya leseni, lakini supu haidhibitiwi na leseni hiyo. Vichwa, miguu na mifupa iliyobaki jana usiku inachemka hadi alfajiri, na kuanzia saa 12 asubuhi bustani ile ile iliyokuwa na muziki inauza supu na makongoro kwa chapati. Wanaofika ni madereva, mafundi, watu wa ofisini wanaopitia njiani, na wale waliokuja kuzimua. Mchana kuna ugali, samaki na wali kwa wafanyakazi wa jirani. Jiko linaweza kufanya kazi saa 16 kwenye eneo ambalo kaunta yake inachangamka saa sita au saba.

Hesabu hii ina uzito zaidi sasa kwa sababu ya ardhi. Sinza na Kijitonyama zilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliokopeshewa fedha na Benki ya Dunia. Mpango huo uliacha barabara zinazopitika na viwanja vyenye mipaka, na baadhi ya viwanja hivyo vimeishia kuwa baa zenye miti na maegesho. Leo mwenye kiwanja akiitazama bustani yake saa 4 asubuhi, viti vikiwa vimepinduliwa juu ya meza, anaona eneo ambalo lingeweza kuwa apatimenti au fremu za maduka. Bustani nyingi zimeshamegwa upande wa barabarani. Zinazobaki nzima ni zile zinazoingiza fedha asubuhi, mchana na usiku, na za asubuhi na mchana karibu zote zinatoka jikoni.

Kuna pia vikao vya harusi. Kamati hukutana wiki baada ya wiki kwenye kona ya bustani, na kwa kawaida haitozwi kodi ya ukumbi, kwa masharti yasiyoandikwa kwamba wajumbe watakunywa na kula. Mwenyekiti, mweka hazina na ahadi za michango wanakaa meza moja na sahani ya mishikaki. Kwa baa hiyo ni wateja wa uhakika wa Jumapili jioni kwa miezi miwili au mitatu, na fundi akifanya vizuri anaweza kupewa hata oda ya mbuzi wa sherehe yenyewe.

Gharama za mtu wa jikoni

Anayebeba mzigo huu ndiye mwenye ulinzi mdogo. Wachoma nyama wengi wapo kwa makubaliano ya mdomo, wakilipa kwa siku au kwa mwezi, na kodi haishuki masika yakianza. Mvua ya Aprili ikinyesha saa 12 jioni bustani isiyo na makuti inabaki na viti vitupu, na nyama iliyonunuliwa alfajiri ipo kwenye friji ikisubiri kesho. Mwezi wa Ramadhani mauzo hupungua, na Januari, wazazi wakiwa kwenye ada, hushuka tena. Jiko la kitimoto linakaa mbali na la mbuzi, likiwa na visu na wavu wake, kwa heshima ya wateja Waislamu. Nalo hutikiswa kila homa ya nguruwe inapozuka na usafirishaji wa nyama hiyo kuzuiwa.

Mkaa ni gharama ya kila siku, na bei ya gunia hupanda barabara za vijijini zikiharibika. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Gesi inafaa kwa supu na chipsi, na majiko kadhaa yameshahamia huko. Kwa choma wateja bado wanataka moshi, na mchomaji anayejipanga mapema ataanza kutenganisha kazi za gesi na za mkaa badala ya kungoja kubanwa.

Mhudumu naye yuko katikati. Mara nyingi anachukua bia kaunta kwa jina lake, hivyo mteja akitoroka deni ni lake. Ndiyo maana chupa tupu haziondolewi mezani: ndizo ushahidi wa bili. Mshahara wake unatoka kaunta, ila anabeba sahani za jikoni usiku kucha, na ni nadra upande wa pili kumkumbuka kwa zaidi ya nyama ya kuonja.

Kelele ni hatari nyingine. Mwaka 2024 baraza la mazingira, NEMC, lilifungia baa nyingi kwa kuzidisha sauti, na baa ikifungwa jiko hufungwa nayo, ingawa mchoma nyama hakuwahi kugusa spika. Kwa upande wa biashara, hoja ya kupunguza muziki ni nyepesi kueleweka: mteja anayekula hukaa muda mrefu zaidi na watoto wake Jumapili, na huja kuzungumza.

Kwamba jiko linaweza kuendelea kaunta ikisimama, Kenya imelipata somo hilo kwa njia ya sheria. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, inayofahamika kwa jina la mbunge aliyeisukuma, John Mututho, iliziwekea baa saa za kuuza kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana mwishoni mwa wiki. Huko bucha na baa zimezoea kukaa bega kwa bega: mteja ananunua nyama kwa kilo buchani, inachomwa, kisha anaila akinywa. Wenye bucha waliendelea kuuza chakula katika saa ambazo kaunta ilitakiwa kufungwa.

Mkataba kabla ya mwavuli

Mwenye baa anayewekeza kwenye skrini kubwa ya mechi za Simba na Yanga, huku akimwacha mchoma nyama kwenye makubaliano ya mwezi kwa mwezi, ameweka fedha mahali pasipo na uhakika. Skrini jirani naye ataleta. Fundi akihama na namba za simu za wateja wake, mauzo ya bia yanamfuata ndani ya wiki chache tu, na hilo wenye baa wamelishuhudia mara nyingi bila kulihesabu.

Yapo marekebisho yasiyohitaji mtaji mkubwa. La kwanza ni mkataba wa maandishi wa mwaka au zaidi, wenye kodi ndogo ya msingi na asilimia ya mauzo, ili mvua na Ramadhani viwaumize wote na Desemba iwafurahishe wote. La pili ni mizani iliyokaguliwa, ikitazama upande wa mteja. La tatu ni jiko kuwa na Lipa Namba yake ya kupokea malipo kwa simu. Mchoma nyama ambaye fedha zake zote zinapita mkononi hana cha kuonyesha benki anapotaka mkopo wa friji la nyama. Mwenye kumbukumbu za miamala ya mwaka mzima ana pa kuanzia, hata kabla ya kufikia kiwango cha kusajiliwa VAT, ambacho tangu 2023 ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka.

La nne ni la mwenye baa mwenyewe. Kwa mwezi mmoja aandike, kila usiku, meza ngapi zilikula na zilikunywa kiasi gani, na meza ngapi zilikunywa bila kula. Daftari hilo litamwambia thamani halisi ya kilo moja ya mbuzi kwa kaunta yake. Akishaijua, ataacha kumwita mchoma nyama mpangaji na kuanza kumtafutia sababu za kubaki.