Monita zinazofuata kasi ya kadi: je, zina thamani ya bei yake?

Mnunuzi aliyetaka monita ya inchi 27 kwa michezo ya kompyuta katika soko la Marekani mwaka 2015 alikuwa na uamuzi wa dola 300 mbele yake. Asus ilikuwa imetoa ROG Swift PG278Q, yenye teknolojia ya G-Sync ya kampuni ya Nvidia, kwa dola 799. Machi mwaka huo Acer ikaleta XG270HU, yenye FreeSync ya kampuni ya AMD, kwa dola 499. Kioo kilikuwa cha ukubwa uleule, na zote mbili zilichora picha hadi mara 144 kwa sekunde.

Pande zote mbili zilikuwa zikiuza dawa ya ugonjwa mmoja wa siku nyingi. Monita ya kawaida huchora picha upya kwa mwendo usiobadilika, mara nyingi 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7. Kadi ya picha iliyomo ndani ya kompyuta haina nidhamu hiyo. Mchezaji akitazama ukuta mtupu, kadi yaweza kutoa picha 90 kwa sekunde. Ukitokea mlipuko, zikashuka hadi 45. Picha mpya ikifika monita ikiwa katikati ya kuchora, mchezaji huona sehemu ya juu ya picha ya zamani na sehemu ya chini ya mpya, kama shati lililofungwa vifungo kombo. Kadi ikiamriwa isubiri zamu ya monita, mpasuko huo unaondoka, lakini picha iliyochelewa kidogo tu hungoja zamu nzima, na mchezo hukwamakwama.

Teknolojia hii inageuza utaratibu: monita ndiyo inayoisubiri kadi. Kadi ikitoa picha 53, monita huchora mara 53. Zikipanda hadi 71, nayo hupanda.

Nvidia ilitangulia sokoni. Ilitangaza G-Sync Oktoba 2013, ikitumia kifaa chake maalumu kilichofungwa ndani ya monita. Kifaa hicho kilipouzwa peke yake, kwa ajili ya monita moja ya Asus, bei yake ilikuwa dola 199. Mei 2014 VESA, chama cha viwanda kinachoweka viwango vya monita, kikaingiza Adaptive-Sync katika kiwango cha DisplayPort 1.2a bila ada ya leseni. AMD ikajenga FreeSync juu ya msingi huo. Tangu hapo mizani ililalia upande wa bei ndogo, na Januari 2019 Nvidia yenyewe ikafungua kadi zake zifanye kazi na monita za Adaptive-Sync. Ilifanya hivyo kwa shingo upande: ilisema kwamba kati ya monita 400 ilizopima, 12 tu ndizo zilizofikia kiwango chake. Mwenye duka aliyekuwa na shehena ya monita za gharama kubwa wiki hiyo alikuwa ameshika mali ambayo sifa yake kuu ilikuwa imeanza kupatikana kwenye monita za bei nafuu. Agosti 2024 Nvidia ilitangaza kwamba, kwa kushirikiana na MediaTek, sifa za G-Sync zitaingizwa katika chipu za kawaida za monita bila kile kifaa cha ziada.

Kwa hiyo leo suala la bei si zito kama lilivyokuwa. Monita nyingi mpya za michezo zina teknolojia hii, na kulipa dola 100 zaidi kwa ajili ya nembo tu ni hasara. Cha kuchunguza ni masafa, yaani kasi ya chini na ya juu ambamo monita inaweza kuifuata kadi. LG 29UM67 ya mwaka 2015 ilifanya kazi kati ya 48 na 75. Kadi ikishuka chini ya 48, mpasuko au kukwama kunarudi, tena wakati mchezaji anapohitaji msaada zaidi. Novemba 2015 AMD ilileta mbinu ya kurudia picha: kadi ikitoa 30, monita huchora mara 60. Lakini mbinu hiyo ilitaka kasi ya juu iwe angalau mara 2.5 ya kasi ya chini. Monita ya 40 hadi 144 inapita kwa urahisi. Ya 48 hadi 75 haipiti. AMD ilipandisha masharti Machi 2024, ikataka monita za upana wa kawaida zifike angalau 144. Monita ya mtumba yenye kasi ya 75 inaweza basi kubeba nembo ya FreeSync kihalali na bado ikamwangusha mnunuzi.

Anayefaidika hasa ni mwenye kadi ya wastani, ambayo picha zake hupanda na kushuka kati ya 45 na 100. Mwenye kadi inayotoa 300 katika mchezo wa ushindani wa risasi haoni tofauti kubwa, na wengi wa aina hiyo huizima. Vioo vya VA na OLED navyo vina kasoro ya kumetameta kasi inapobadilika ghafla, jambo ambalo matangazo hayalisemi.

Wenye vyumba vya michezo wawe waangalifu zaidi. PlayStation 4 haitumii teknolojia hii kabisa. PlayStation 5 ilianza kuitumia Aprili 2022, lakini kwa njia ya HDMI 2.1 tu, monita yenye FreeSync ya HDMI ya zamani haitaisaidia, ingawa Xbox huikubali.

Kabla ya kulipa, monita iwashwe dukani kwa waya wa DisplayPort na orodha yake ya mipangilio ifunguliwe. Nyingi hutoka kiwandani sehemu hii ikiwa imezimwa, na wapo wanaozitumia miaka bila kujua.